Vibehewa vya gundi si utoto

Wadau, kuna jamaa hapa hosteli wanacheka wakisikia kwamba kule Uingereza mtu mzima anakaa nyumbani kwake anaunga vibehewa vya treni kwa gundi. Eti utoto! Mi nakataa, na sisi tunaokwenda kufundisha hesabu ndio tusicheke kabisa.

Chukua kipimo chao cha OO. Behewa limepunguzwa mara 76, reli ina upana wa milimita 16.5. Reli halisi ni milimita 1,435. Gawa kwa 76, unapata karibu 18.9. Kumbe reli yao imebanwa! Gawa kwa 87, kipimo cha HO, ndio inatoka 16.5. Anayepachika magurudumu mwenyewe analiona hilo kwa macho.

Sisi je? Tunaandika uwiano ubaoni, wanafunzi wanakariri, mtihani ukija wanafeli, halafu tunawaita vilaza. Wakati boksi, mkasi na rula vinatosha! Reli ya Kati ya zamani ina upana wa mita 1. Gawa kwa 87, milimita 11.5. Waache wajenge behewa.

Sasa nani anacheza hapo, anayejenga au anayekaririsha? Nawasilisha.