Kichanga hapimwi kama mama yake

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2016–2017 ulikuta VVU kwa asilimia 11.3 ya watu wazima Iringa na 9.3 Mbeya. Kwao kipimo cha haraka kinaaminika. Kwa kichanga, hapana: kinanasa kingamwili za mama, zinazoweza kubaki mwilini mwa mtoto hadi miezi 18.

Hivyo muuguzi humchoma kisigino, akadondoshea damu kwenye karatasi, ikaanikwa, ikasubiri usafiri wa kwenda maabara, kunakotafutwa virusi vyenyewe. Kusubiri huko ndiko kunakotukera. Bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufa kabla ya miaka miwili.

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mbeya, wameshaonyesha mtoto anaweza kupimwa kwa mashine palepale kituoni, hata anapozaliwa tu. Wizara ya Afya ipeleke mashine hizo Mufindi mkoani Iringa na Chunya mkoani Mbeya, na vitendanishi vyake visikatike.