Wastaafu wa Kando ya Mto Nzoia na Amri ya Saa 24

Kila masika, tangu mwezi wa Machi hata Mei, Mto Nzoia hutukumbusha jambo ambalo kiangazi hutusahaulisha: kwamba vijiji vya Bunyala, kule mto unakoingia katika Ziwa Viktoria, vimekuwa vijiji vya wazee. Vijana wako Nairobi, Mombasa na Kisumu. Waliobaki kandokando ya maji ni babu na nyanya, wajane, na wajukuu walioachwa chini ya ulinzi wao. Mto unapofurika, ndio wanaokutwa nyumbani. Na bado, mipango yetu yote ya kukabiliana na mafuriko hutungwa kana kwamba kila mwanakijiji ana umri wa miaka ishirini na mitano na anaweza kubeba godoro kichwani.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, mtu anapostaafu huweza kuuza nyumba yake na kuhamia katika makazi ya wastaafu, penye mlinzi langoni na muuguzi wa zamu. Sisi hatuna desturi hiyo, wala sioni haja ya kuililia. Lakini tukitazama vizuri, makazi ya wastaafu tunayo; hatukuyapa jina tu. Mtu aliyefanya kazi katika reli, bandari ya Mombasa, kiwanda cha karatasi cha Webuye, kiwanda cha sukari cha Mumias au katika shule za serikali, alijua tangu siku ya kwanza kwamba siku moja atarudi nyumbani. Watumishi wa serikali walistaafu wakiwa na miaka 55, hadi umri huo ulipopandishwa kuwa 60 mwaka 2009. Wale waliokuwa katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, iliyoanzishwa mwaka 1965, hawakupewa pensheni ya kila mwezi. Walipewa fedha zao zote kwa mkupuo mmoja. Fedha hizo ziligeuka kuwa mabati, saruji, ng'ombe wawili na shamba la mpunga au mahindi katika udongo ule mweusi ulioletwa na mto wenyewe. Jasho la miaka thelathini limelala pale, futi chache kutoka ukingoni. Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini mzee hakubali kuhama aanzie hapo, wala asianzie kwenye neno "ukaidi".

Tuyatazame maisha yake wakati wa masika. Mvua inayoleta mafuriko ya Bunyala, kwa sehemu kubwa, hainyeshi Bunyala. Hunyesha katika vilima vya Cherangani na miteremko ya Mlima Elgon, kisha maji hushuka mbali sana hadi kufika kwake. Kwa hiyo siku ya hatari yaweza kuwa siku ya jua kali. Mzee huamka alfajiri, huenda kutazama kijiti alichokisimika kwenye ukingo jana yake, na hurudi akiwa amejua kama leo atalala au atakesha. Redio huwa karibu na sikio. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali. Kitambulisho, hatimiliki ya shamba, kadi ya hospitali na vidonge vya shinikizo la damu vimefungwa katika karatasi ya nailoni na kutundikwa juu darini. Mbuzi wamefungwa karibu na mlango, si kwa kuogopa wezi, bali ili wasisahaulike.

Maji yanapoingia uani, jambo la kwanza kuharibika ni choo. Watu wenye adabu hawapendi kulizungumza hili, na kwa sababu hiyo halizungumzwi hata katika vikao vya misaada. Kijana atatafuta pa kujisitiri. Nyanya mwenye miaka 78 na goti lililokakamaa atafanya nini? Wengi hupunguza kula na kunywa ili wasihitaji kutoka nje, na mwili wa mzee asiyekunywa maji ya kutosha hudhoofika upesi. Kisha kisima huchafuka. Mkongojo huteleza kwenye tope. Pikipiki haipiti tena, na mwenye mtumbwi hutaka nauli yake. Tangu mwaka 2018 serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70 na asiye na pensheni, nasi tunashukuru kwa dhati. Lakini fedha hizo mara nyingi huchelewa, na zinapofika hufika kwa wakala aliye ng'ambo ya maji.

Hapa yafaa tuseme kweli kwa pande zote mbili. Wazee wanaujua mto. Walio na miaka 70 na zaidi walikuwa watoto wakati wa mafuriko makubwa ya miaka ya uhuru, kati ya 1961 na 1964, ziwa lilipopanda kwa zaidi ya mita mbili na vijiji vizima vikahama. Wanajua miinuko iliyobaki mikavu wakati ule, na njia za kuifikia. Hata hivyo mto walioujua si mto wa leo. Zamani maji yalipanda polepole: leo yako shambani, kesho uani, keshokutwa mlangoni. Mtu aliweza kuyasoma. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 yakajengwa matuta pande zote mbili ili kuuzuia mto. Mto uliobanwa hivyo huacha mchanga na matope yake ndani ya mkondo, na sakafu yake huinuka mwaka hata mwaka, hadi maji hupita juu kuliko mashamba ya jirani. Tuta likipasuka sasa, maji hayapandi, yanavamia. Yalipasuka mwaka 2007, yakapasuka tena 2008 na 2011. Mwaka 2020 mto na ziwa vilifurika kwa pamoja, na familia nyingi zikakaa katika hema kwa miezi mingi, tena wakati uleule wa ugonjwa wa korona. Mzee anayesema "tutaona kesho" anasema kwa hekima ya mto wa zamani. Kumwambia hivyo kwa heshima, mapema, mbele ya watoto wake, ni sehemu ya upendo.

Lakini anaambiwaje? Tarehe 2 Mei 2024, nchi nzima ikiwa katika mafuriko, Wizara ya Mambo ya Ndani iliwaamuru wote waishio karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame kwa muda wa saa 24. Siwalaumu walioogopa, watu wengi walikuwa wamekwisha kufa nchini katika wiki zile. Tatizo langu ni lugha ya namna hiyo, ambayo chifu wa kando ya mto naye huirudia kwa kipaza sauti kila maji yanapotisha: "Hameni!" Huhama kwenda wapi? Kwa chombo gani? Ng'ombe wataenda na nani? Na shamba likibaki tupu, nani atahakikisha kwamba likikauka halitakuwa limepimwa na kuandikwa kwa jina la mtu mwingine? Saa 24 zinamtosha mwenye gari. Kwa mtu wa miaka themanini anayeishi na mjukuu wa miaka tisa, saa 24 ni muda wa kufunga mzigo mmoja na kusubiri mtu ambaye pengine hatakuja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema kwamba Taifa litachukua hatua kuhakikisha wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima, na wanapata matunzo na msaada wa kufaa kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Kushiriki ndilo neno ambalo sisi hulipita kwa haraka. Msaada tunaujua, kila gunia la unga hupigwa picha. Lakini ni kamati gani ya maafa ya kata iliyowahi kumwita mzee asiyeweza kutembea, au kwenda kwake, na kumwuliza: "Baba, siku hiyo ikifika, ungependa kupelekwa wapi, na kitu gani kisiachwe?" Jibu lake laweza kuwa kaburi la mkewe. Laweza kuwa mbuzi watatu. Likijulikana mapema, mengi hupata ufumbuzi. Lisipojulikana, ndilo litakalomfanya ashike mwimo wa mlango usiku wa hatari.

Na kule kambini, ambako mara nyingi ni darasa la shule ya msingi, hali haimsubiri mzee. Chakula hugawiwa kwa foleni ya kusimama. Ni mahindi na maharagwe, ambayo asiye na meno hutazama tu. Jina lake limeandikwa chini ya jina la mwanawe aliye Nairobi, au halikuandikwa kabisa kwa kuwa kitambulisho kimekwenda na maji. Mwenye kisukari hana anayejua kwamba ana kisukari. Nimewasikia watu wazima wakisema afadhali wangebaki juu ya tuta na mbu wao.

Wapo watakaosema kwamba kuwahamisha wazee kwa mpango ni anasa ya mataifa tajiri. Ni kweli kwamba wenzetu wana mabasi. Mnamo Machi 2009, huko Fargo, Marekani, theluji ilipoyeyuka, Mto Red River ulipanda hadi zaidi ya mita 12 kwenye kipimo chake. Hospitali moja kubwa na nyumba kadhaa za kutunzia wazee zilihamishwa kabla maji hayajafika kileleni, na mwishowe magunia ya mchanga yakaunusuru mji kwa sehemu kubwa. Lakini tuangalie kilichofanya kazi pale kabla ya basi kufika. Kulikuwa na orodha. Ilijulikana nani amelala chumba gani, anakula dawa gani, na anapelekwa wapi. Orodha haihitaji utajiri. Inahitaji daftari la kurasa tisini na sita na mtu anayepita nyumba kwa nyumba.

Mtu huyo tunaye. Jumuiya ndogondogo zinajua, kuliko ofisi yoyote, ni nani haonekani tena kwenye sala za Jumatano kwa sababu miguu imegoma. Naomba tusimwachie chifu kazi hii, wala tusimnyang'anye, tumpe nakala. Ziandikwe pia nyumba za Waislamu na za madhehebu mengine, maana maji hayaulizi cheti cha ubatizo. Tume ya Haki na Amani ya parokia nayo ina kazi yake, isiyo ya daftari: kuiuliza serikali ya kaunti, kwa barua na kwa kurudia, ni fedha gani zimetengwa mwaka huu kwa ukarabati wa matuta na zimetumika wapi, na kudai kwamba atakayeondoka kwa amri ya serikali apewe maandishi kuwa haki yake juu ya shamba inabaki palepale.

Kwaresima hutangulia masika kwa wiki chache tu, na katika Kampeni ya Kwaresima tayari tunakutana kila wiki katika jumuiya. Katika mkutano wa kwanza litajwe kila jina la mzee wa kando ya mto, na kando yake yaandikwe majina mawili ya vijana waliokubali kumbeba. Mawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa safarini. Machela ya magunia na miti miwili hushonwa kwa siku moja. Ijaribiwe mchana, njia ikiwa kavu, na mzee mwenyewe akiwa juu yake akitoa maelekezo. Yeye ndiye anayejua mahali njia inapoinuka.