Pawasaplai inayojua kukataa

Agosti 2021 kampuni ya Gigabyte ilitoa maelezo kuhusu pawasaplai zake mbili, P750GM ya wati 750 na P850GM ya wati 850. Ulikuwa mwaka wa njaa ya kadi za michoro. Newegg, duka kubwa la mtandaoni la Marekani, lilikuwa likiuza kadi hizo kwa bahati nasibu na kwa kufungasha: anayetaka kadi achukue na pawasaplai, apende asipende. Wateja wakaanza kulalamika kwamba pawasaplai hizo zinakufa ghafla. Wapimaji wa Gamers Nexus nao wakazitafuta, wakazibebesha mzigo, na baadhi zikalipuka kwa cheche mbele ya kamera.

Katika maelezo ya Gigabyte kulikuwa na namba za kumfumbua macho mnunuzi yeyote. Kinga ya kukata umeme mzigo unapozidi, kwenye ile ya wati 850, ilikuwa imewekwa iamke kati ya wati 1,020 na 1,300. Maana yake kifaa kilichoandikwa 850 kiliachwa kijikamue hadi mara moja na nusu ya uwezo wake ndipo kijizime. Kampuni ikaishusha kinga hiyo hadi kati ya 950 na 1,050, na ikajitolea kuwabadilishia waliokwisha kununua. Mpenzi wa gemu akisikia habari ya 850 inayotoa 1,300 anaweza kudhani amepata ofa.

Kutoa umeme ni kazi rahisi. Kazi ngumu ya pawasaplai, ile inayostahili kulipiwa, ni kujua wakati wa kukataa. Bado wanunuzi wengi huichagua kwa ukubwa wa namba iliyo kwenye boksi, tena mwishoni kabisa, baada ya fedha kuishia kwenye kadi, prosesa na taa za rangi.

Kwa anayeovakloki, yaani anayeisukuma prosesa au kadi ikimbie kupita kasi ya kiwandani, kosa hilo lina gharama zaidi. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Chukua prosesa inayotolewa gigahezi 4.0 na kupelekwa 4.6, nyongeza ya asilimia 15. Kasi hiyo haitulii bila kuongezewa volti, mathalani asilimia 10. Zidisha 1.15 kwa 1.1, kisha kwa 1.1 tena: karibu 1.39. Mtu amepata kasi ya asilimia 15 na amelipia umeme wa asilimia 39, pamoja na joto lake. Core i9-14900K ya Intel ikiwa katika mipaka ya kiwanda hufika wati 253. Anayeifungulia mipaka hiyo huiona ikipita 300. Kando yake ikae RTX 4090 ya Nvidia yenye wati 450, na hapo feni, diski na taa hazijahesabiwa.

Na hiyo 450 ni wastani tu. Kadi za siku hizi, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, huruka mbali juu ya wastani wao, kisha hushuka. Kuna waliofunga RTX 3080 na 3090 zilipotoka mwaka 2020 walioshuhudia kompyuta ikizimika katikati ya mchezo, ilhali hesabu ya wati ilitosha kwenye karatasi. Pawasaplai ilikuwa imeona mruko wa mara moja, ikadhani ni shoti, ikakata. Huko Gigabyte ilichelewa kukataa. Huku kinga iliharakisha kukataa. Toleo la 3.0 la ATX, kanuni za umbo na umeme wa kompyuta ambazo Intel ilizianzisha mwaka 1995, lilitoka 2022 likiwa na jibu la jambo hili: pawasaplai zenye plagi mpya ya kadi za michoro zinatakiwa kustahimili mruko wa mara mbili ya uwezo wao kwa mikrosekunde 100. Mzigo mkubwa wa kudumu ukatwe, mruko wa kupita uachwe upite. Mtu anayejenga kompyuta leo na kuweka kadi kubwa asikubali pawasaplai mpya isiyotaja ATX 3.0 au 3.1.

Namba kubwa ya boksi yenyewe mara nyingi haina maana. Wakati wa kununua, mtu ageuze kifaa asome jedwali dogo la ubavuni. Prosesa na kadi zote hulishwa na njia ya volti 12, kwa hiyo mstari wa kusoma ni huo. Zipo pawasaplai zenye "500W" kwa herufi nene ambazo jedwali lake linasema volti 12, ampea 18. Kumi na mbili mara kumi na nane ni wati 216. Wati zilizobaki zimetafutwa kwenye njia za volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya kisasa haizihitaji kwa wingi, au hazipo kabisa. Pawasaplai ya kweli ya wati 650 huandika ampea 54 kwenye volti 12, sawa na wati 648, namba mbili zinazosalimiana.

Baada ya lebo, tochi ya simu. Ikimulikwa kupitia matundu ya feni, pawasaplai hafifu hujieleza yenyewe: transfoma ndogo, vipande vyembamba vya bati vya kupozea, na pale umeme unapoingilia, mahali palipochorwa alama ya koili ya kuchuja, pameungwa kipande cha waya kitupu. Mchoraji wa ubao aliweka nafasi ya kichujio, na mhasibu wa kiwanda akakiondoa. Uzito nao husema kitu, ingawa si ushahidi wa kutosha, maana hata uzito unaweza kughushiwa.

Muuzaji akiulizwa kuhusu ubora, mara nyingi ataonyesha nembo ya 80 Plus. Mpango huo ulianza mwaka 2004 kwa sharti la ufanisi wa asilimia 80, kisha zikaongezwa ngazi za Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium. Ni nembo ya kuheshimika, lakini inapima hasa umeme unaopotea. Haisemi lolote kuhusu kinga, wala kama volti 12 inabaki 12 kadi inapovuta kwa pupa. Zile P750GM na P850GM zilikuwa na nembo ya Gold.

Hata huo ufanisi unaweza kupigiwa hesabu ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kompyuta inayokula wati 400 ndani, kwa pawasaplai ya asilimia 80, huvuta 500 ukutani. Kwa ya asilimia 90 huvuta kama 444. Akicheza saa nne kila siku, mwenye Gold ataokoa chini kidogo ya uniti saba kwa mwezi. Si haba, lakini hakuna atakayejenga nyumba kwa akiba hiyo. Papo hapo iondolewe hofu inayosikika mara kwa mara kwamba pawasaplai ya wati 1,000 itamaliza uniti. Haivuti 1,000 mpaka iombwe 1,000. Aliyeinunua kwa kompyuta ya wati 350 amepoteza fedha dukani, wala si kwenye mita.

Umeme wa Afrika Mashariki una masharti yake. Tanzania hutumia volti 230, Kenya 240, kwa maandishi. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha majiko na pasi, namba hiyo inaweza kushuka sana, na umeme ukikatika, unaporudi hurudi kwa kishindo. Pawasaplai nzuri ya kisasa hukubali volti 100 hadi 240 bila kuguswa swichi yoyote, hivyo umeme mdogo haiusumbui sana. Za zamani na zile za bei ya chini bado zina kiswichi chekundu mgongoni cha kuchagua 115 au 230. Kikiachwa kwenye 115 na waya ukachomekwa ukutani Dar es Salaam au Mombasa, mlio husikika chumba cha pili, na kazi ya fundi baada ya hapo ni kuthibitisha kifo. Mitumba iliyotoka Marekani ikaguliwe kiswichi hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Mwenye UPS naye asijione amemaliza. Ile ya 650VA iliyozoeleka madukani hubeba wati zisizofika 400. Kompyuta iliyoovaklokiwa itaizimisha sekunde ileile umeme unapokatika, yaani sekunde ambayo UPS ilinunuliwa kwa ajili yake. Tena nyingi za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi yenye ngazi badala ya wimbi laini la gridi, na baadhi ya pawasaplai za kisasa hazipatani nao. Kabla ya kulipa, ni haki ya mteja kuomba viwili hivyo vijaribiwe pamoja dukani.

Waya wa ethi ndio unaosahauliwa kuliko vyote. Vichujio vya pawasaplai hupeleka umeme mdogo sana kwenye kasha la chuma, na waya wa ethi huupokea na kuumwaga ardhini. Nyumba isiyo na ethi, au ekstensheni yenye nyaya mbili, huuacha hapo hapo; mtu akigusa kasha kwa mguu mtupu kwenye sakafu ya saruji hujisikia anatekenywa. Wengi huambiwa ni kawaida. Ni kawaida ya nyumba iliyofungwa nyaya vibaya, na katika hali hiyo kuongeza volti kwenye prosesa ni kutafuta balaa.

Kuna kundi jingine lisilopaswa hata kuanza kuovakloki. Wanafunzi wengi huingia kwenye gemu kwa kompyuta za ofisi zilizotumika. Dell OptiPlex 9020 ya umbo la mnara ni mfano mzuri: imara, lakini pawasaplai yake ni ya wati 290, na plagi yake ya mazabodi ni ya Dell yenyewe, hivyo ya kawaida haiingii bila adapta. Kadi ya GTX 1650 ya wati 75, ile isiyohitaji waya wa ziada, huifaa vizuri. Zaidi ya hapo ni kuilazimisha mashine kazi isiyoumbiwa.

Hata kwa mwenye vifaa vyote, hoja ya kuovakloki imepungua nguvu. Mwaka 1998 Celeron 300A ya megahezi 300 iliweza kufika 450 kwa kubadilisha mpangilio mmoja, basi ya mazabodi kutoka 66 kwenda 100. Hiyo ilikuwa nusu ya kasi nzima, bure. Leo kiwanda kimeshajichukulia karibu yote yaliyowezekana, wakati mwingine hadi kupitiliza: Julai 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti za juu kupita kiasi na kuyumba, ikalazimika kuongeza waranti kwa miaka miwili. Upande wa kadi, waliojaribu kuibana RTX 4090 hadi asilimia 70 ya umeme wake walipoteza takribani asilimia 5 tu ya kasi. Kwa joto la Februari la pwani, kubana kunaleta raha kuliko kusukuma.

Atakayeendelea, kwa sababu ni burudani yake na fedha ni zake, ajumlishe mipaka ya juu ya prosesa na kadi, aongeze wati 60 hivi za vilivyobaki, kisha aache nafasi ya theluthi moja au zaidi. Ryzen 7 7700X inayofika wati 142, pamoja na RTX 4070 ya 200, inakuja kama 400. Ya wati 650 iliyo ya kweli, kiwango kilekile ambacho Nvidia hukitaja kwa kadi hiyo, inatosha hata ikisukumwa. Ile 14900K na 4090 ndizo zinazostahili 1,000 na zaidi. Waranti ya miaka kumi ni dalili nzuri ya imani ya kiwanda, ila iliyoletwa na ndugu kutoka Dubai ina waranti ya Dubai, na nauli ya kuirudisha hailipwi na mtu.

Plagi nazo zitazamwe. Oktoba 2022 plagi mpya ya pini 16 ilianza kuyeyuka kwenye baadhi ya RTX 4090. Nvidia ilisema Novemba kwamba inajua kesi kama 50, na kwamba sababu kubwa ilikuwa plagi kutosukumwa mpaka mwisho. Toleo lililofuata mwaka 2023, 12V-2x6, lilifupisha pini nne za mawasiliano ili plagi isipozama sawasawa kadi isipewe umeme.

Nyaya za kuchomoa hazina ulinzi wa namna hiyo. Upande wa kadi na mazabodi plagi zina kanuni moja, lakini upande wa pawasaplai kila kampuni hupanga pini ipendavyo. Waya wa chapa moja unaweza kuingia bila kelele kwenye pawasaplai ya chapa nyingine na kupeleka volti 12 mahali panapotaka 5. Diski zote hufa kwa pamoja, na pawasaplai inabaki nzima. Anayeuziwa pawasaplai iliyotumika akaambiwa nyaya zake zilipotea lakini "hizi hapa zinaingia", aiache mezani, hata kama bei ni ya kutupa.