Ni Nani Atakayetuandikia Filimu Zetu?

Kila mara sinema inapotajwa katika parokia zetu, na hapa Karavia vilevile, twasikia maneno mawili. Wengine husema: Sinema ni kazi ya shetani, watoto wakatazwe. Wengine hujibu: Tungetengeneza filimu njema sisi wenyewe, lakini hatuna mashine wala fedha. Sisi twasema pande zote mbili zimekosa.

Kwanza wale wa kukataza. Baba Mtakatifu Pio XI aliandika barua juu ya sinema mwaka 1936. Aliyalaumu vikali mabaya yake, lakini ufundi wenyewe hakuuhukumu; alitaka utumikie mema. Pio XII alilirudia neno hilo mwaka 1957, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963. Filimu chafu zipo, wala hatuzitetei. Lakini leo simu imo mfukoni mwa kijana. Ukimfukuza sebuleni, ataitazama chini ya blanketi. Anayemnyang'anya mtoto chakula kibaya na asimpe chema, amemwacha na njaa.

Sasa wale wa mashine. Watazame Ufaransa, kwa Francis Veber, aliyezaliwa mwaka 1937. Chombo chake cha kwanza kilikuwa kalamu. Aliandika vichekesho juu ya mtu mnyonge, mara nyingi akimwita François Pignon. Mchezo wake wa jukwaani wa mwaka 1993, "Le Dîner de cons", aliugeuza filimu mwaka 1998. Wenye mali huwaalika wajinga mezani ili wawacheke. Mwishoni mwenye dharau ndiye anayeaibika. Je, hilo si fundisho? Huko Ufaransa watu zaidi ya 9,000,000 walinunua tiketi. Nao Wamarekani, ambao hawapungukiwi mashine wala fedha, walizitengeneza upya hadithi zake kadhaa. Hiyo waliitengeneza mwaka 2010. Basi mwenye mashine ndiye aliyepiga hodi kwa mwenye hadithi.

Na kwetu je? Miaka ya 1950, kule Kasai, Padri Albert Van Haelst alitengeneza filimu za Matamata na Pilipili. Watu walicheka sana, nasi twamshukuru. Lakini kamera na uongozi vilikuwa mkononi mwa mmisionari; Mkongomani alikuwa mchezaji. Wazee husema, nguo ya kuazima haisitiri.

Hapa Lubumbashi, Odilon Kyembe Kaswili, ambaye wote tunamjua kwa jina la Mufwankolo, alionyesha njia nyingine. Yeye na kundi lake walitunga wenyewe michezo ya redio na televisheni kwa Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1986 walishika methali isemayo kwamba madaraka huliwa mazima, wakaizungumza pamoja mpaka ikawa mchezo. Methali haiuzwi dukani. Kisha Baloji, mzaliwa wa mji huu, aliitunga na kuiongoza filimu "Augure", iliyopata zawadi kule Cannes mwaka 2023. Kiswahili kinasikika ndani yake, na habari yake ni ile inayovunja jamaa zetu: mtu kuitwa mchawi na watu wa nyumbani mwake. Hatusemi kwamba yafaa kwa watoto. Twasema kwamba kidonda chetu kimetajwa na mtoto wetu.

Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha kwa hadithi. Alipotaka kueleza jirani ni nani, alichukua njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, ambayo wasikilizaji wake waliijua pamoja na wanyang'anyi wake. Sisi nasi tunazo njia zetu: mgodi, soko, kilio, mahari, kijana aliyekosa kazi. Asipoziandika Mkristu, mwingine ataziandika, naye atawafundisha watoto wetu nani wa kuchekwa na nani wa kuheshimiwa.

Kwa hiyo twaomba jambo dogo. Kila parokia itenge saa moja kwa juma. Vijana walete hadithi zao kwenye karatasi, wazee wanyoshe methali, katekista aulize kama ukweli umo. Kamera itafuata, hata ile ya simu. Wazazi, kabla hamjamnyang'anya mtoto simu, mpeni daftari, kisha ketini mumsikilize.