Kemikali za vifungashio vya chakula: nani abebe mzigo wa shaka?

Mwaka 1936, huko London, mwanakemia Edward Charles Dodds alionesha kwamba bisfenoli A, kemikali ya maabara, hutenda kazi mwilini mfano wa homoni ya kike. Miaka ya 1950 viwanda viliichukua kutengenezea plastiki ngumu na utando unaopakwa ndani ya makopo ya chakula. Tabia yake, basi, ilijulikana kabla haijafika mezani petu. Hilo hunisumbua kila nisikiapo kwamba hatari hii imegunduliwa juzi.

Homoni ni wajumbe wa mwili. Kiasi kidogo mno huongoza ukuaji wa mtoto tumboni, balehe na uzazi. Kemikali inayojifanya mjumbe huleta agizo ambalo mwili haukulituma.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuipiga marufuku katika vitu vinavyogusa chakula, ukivipa viwanda muda wa mpito. Mwaka 2023 mamlaka yake ya usalama wa chakula ilikuwa imeshusha mara 20,000 kiwango kinachovumilika kwa siku. Wataalamu hawakukubaliana wote: taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari ilipendekeza kiwango kilicho juu ya hicho mara 1,000. Wapendao kupuuza watashika hapo. Hata hivyo, kiwango hicho cha Wajerumani nacho ni cha chini mara 20 kuliko kile cha zamani.

Ndugu waamini, shaka hiyo lazima ibebwe na mtu. Hayati Papa Francisko katika Waraka wa Laudato si' (2015), akirejea Azimio la Rio la mwaka 1992, alifundisha kwamba penye dalili za madhara makubwa yasiyorekebishika, anayetaka kuendelea ndiye apaswaye kuthibitisha usalama. Kwetu mambo yako kinyume: mama mjamzito ndiye anayebeba.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, hasa kwa ajili ya mazingira. Lakini katika sherehe zetu za parokia wali bado hufunikwa kwa nailoni ukiwa unafuka mvuke, na uji wa moto humiminwa katika ndoo zilizokuwa za rangi. Nailoni si lazima iwe na bisfenoli. Ila plastiki hubeba kemikali nyingine, na joto pamoja na mafuta huzisukuma kuingia chakulani. Siwalaumu akina mama wapishi. Sufuria kubwa yenye kifuniko chake ni ghali, na kamati zetu hununua viti kwanza. Bibi zetu walifunikia majani ya migomba, nayo bado yapo.

Kopo ni suala zito zaidi, kwa kuwa utando wake hauonekani wala lebo haiutaji. Makopo yatakayokataliwa Ulaya yatauzwa wapi? Wabunge wetu waulizwe swali hilo sasa, kabla muda wa mpito haujakwisha.