Tunduma Iandikwe na Wanaoijua, Ila Siri za Watu Zibaki Ofisini

Frateri anayemaliza mwaka wake wa kichungaji Tunduma hurudi seminarini akiwa anajua mambo ambayo mtaalamu wa uhamiaji huko ng'ambo angelipa nauli ili ayasikie. Amezoea foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Anajua kwacha imepanda au imeshuka kwa kuangalia tu sura za wabadilisha fedha. Ameona jinsi mama anayelala Nakonde anavyouza nyanya upande wetu mchana kutwa, jioni akarudi kwake bila kujiona kuwa amesafiri. Halafu frateri huyo anakaa chini, anaandika tasnifu juu ya mwanafalsafa wa Kijerumani.

Sina ugomvi na Wajerumani. Ninachosema ni kwamba baadhi ya tasnifu zetu, na baadhi ya yale ambayo makatekista na walimu wa Songwe wanayajua kwa kuishi tu, yangestahili kupelekwa kwenye majarida ya kitaaluma yanayohusu uhamiaji. Ukisoma yanayoandikwa kuhusu vijana wa Ethiopia wanaosafiri kwenda Afrika Kusini, mara nyingi Tunduma ni jina la kituo tu, kana kwamba hapaishi mtu. Njia hiyo ya kusini inaua. Machi 2020, watu 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena la lori mkoani Tete, Msumbiji. Desemba 2022, miili 27 ilikutwa imetupwa pembezoni mwa Lusaka. Habari za namna hiyo hukaa magazetini siku tatu. Jarida la kitaaluma huenda polepole sana, lakini likishachapisha, watunga sera, mawakili na watafiti wengine hulirejea kwa miaka mingi.

Na majarida yapo, tena mengine yako karibu na Kanisa kuliko tunavyodhani. Wamisionari wa Mtakatifu Yohane Mbatista Scalabrini, askofu wa Piacenza aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2022, wana taasisi ya utafiti mjini Cape Town inayochapisha African Human Mobility Review kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape. Linasomwa bure mtandaoni. Wenzao wa New York walianzisha International Migration Review tangu miaka ya 1960. Anayetaka kuandika aanze kwa kusoma matoleo mawili matatu ya jarida analolitaka, na asome maelekezo kwa waandishi hadi mwisho, maana makala nyingi hurudishwa kabla hata hazijafika kwa wataalamu, kwa sababu tu mwandishi alituma maneno elfu kumi na tano mahali panapotakiwa elfu saba.

Kosa la kwanza la wengi ni kuichukua tasnifu nzima, kuikata sura mbili na kuituma. Tasnifu humwonyesha mwalimu kwamba umesoma. Makala hujibu swali moja, na swali likiwa dogo ndivyo inavyokuwa bora. "Uhamiaji katika Mkoa wa Songwe" si swali. Swali ni kama hili: kwa familia ya Wanyamwanga yenye ndugu pande zote mbili, nani ni mhamiaji? Mstari uliowagawa ulitokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, na hakuna aliyewauliza. Leo bibi akifariki upande wa pili, wajukuu wanavuka kwenda kuzika. Takwimu za forodha na uhamiaji, hata baada ya kufunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani mwaka 2019, haziwezi kukueleza msiba huo una maana gani. Frateri aliyekaa nao matanga anaweza.

Maneno nayo yana uzito. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema "wamekamatwa wasafirishaji haramu" na tunaishia hapo. Itifaki mbili za Umoja wa Mataifa za mwaka 2000 zinatofautisha kumvusha mtu mpaka kwa magendo, ambako mara nyingi mwenyewe amelipa ili avushwe, na biashara ya binadamu, ambako mtu huchukuliwa kwa hila au nguvu ili anyonywe. Sheria yetu ya mwaka 2008 inahusu hiyo ya pili. Safari inaweza kuanza kama ya kwanza na kuishia kama ya pili, na hapo ndipo panapohitaji mwandishi makini. Makala inayochanganya maneno hayo itarudishwa, na ni haki irudishwe, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kijana aliyekutwa kichakani ni mhalifu au ni mtu aliyetendewa uhalifu.

Nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Padri, shemasi na frateri husikia mambo kwa sababu watu wanawaamini. Siri ya kitubio haina mjadala. Kanuni ya 983 imelifunga hilo, na hakuna jarida duniani la kuifungua. Lakini kuna mengi yasiyo kitubio: mazungumzo ya ofisini, mama anayekuja kuomba chakula na kujikuta ameeleza alivyopita, kijana anayeombewa mahabusu. Mtu huyo alizungumza na Kanisa. Hakuzungumza na mtafiti. Kuyachukua maneno yake mwaka mmoja baadaye na kuyaandika kama "mhojiwa namba nne" ni kuchukua kitu ambacho hakukupa.

Kwa hiyo utafiti uanze kwa utafiti. Barua itoke chuoni iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Vwawa, ishuke wilayani, ifike kwa mtendaji wa kata; na mkuu wa shirika lako au askofu ajue unafanya nini. Kisha mtu aambiwe kwa Kiswahili, au kwa Kinyamwanga kama ndicho anachokielewa, kwamba maneno yake yataandikwa, kwamba anaweza kukataa, na kwamba akikataa bado atapewa unga. Hilo la unga lisemwe waziwazi. Mtu mwenye njaa anayehojiwa na mtu mwenye ghala hana uhuru mkubwa wa kukataa, na kwa sababu hiyo mimi ningependa anayehoji asiwe yule anayegawa.

Hata ridhaa ikipatikana, bado kuna vitu vya kuacha. Jina tunalibadilisha, sawa. Lakini ukiandika "mjane mwenye duka la vitenge karibu na kanisa, mzaliwa wa Chitipa", umemtaja. Na ukieleza njia ya panya ilivyo, inapitia shamba gani na saa ngapi, umewachorea ramani wote: askari na wenye magari ya magendo pia. Mhariri akikuomba maelezo zaidi ya mahali, mjibu kwa adabu kwamba hutoyatoa na useme kwa nini. Wahariri wazuri huelewa.

Wapo watakaosema kazi ya padri ni altare na wagonjwa, aache majarida kwa wenye shahada. Ningewaelewa kama wenye shahada wangekuwa wanakuja kukaa Tunduma. Kuhusu Kiingereza, kikwazo ni kikubwa kweli, maana majarida haya hayapokei makala za Kiswahili. Andika rasimu kwa Kiswahili kwanza ili ujue unasema nini, kisha tafuta mwenzako wa kuandika naye. Majina yenu yakae pamoja juu ya makala, ila lako lisigeuzwe kuwa la kushukuriwa mwishoni wakati ujuzi ni wako.

Mengine ni subira. Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Ondoa jina lako mahali pote ndani ya makala, maana wataalamu watakaoipima hawatakiwi kukujua wala wewe kuwajua. Majibu yao huchukua miezi, na huja makali. Yajibu hoja kwa hoja, hata ile ya kijinga. Ukipokea barua pepe inayokusifu sana na kuahidi kuchapisha baada ya siku tano ukilipa dola mia mbili, ifute.

Kabla ya kutuma, andika kurasa mbili za Kiswahili zenye yale yale uliyoyaandika kwa Kiingereza, uzipeleke parokiani, zisomwe katika jumuiya ndogondogo za Sogea, Mpemba au Chapwa ulikofanyia kazi. Keti nyuma usikilize. Wakianza kunong'onezana "huyu ni mama fulani", rudi ukaifute sehemu hiyo usiku huohuo.