Kebo ya Baba

Jamani, niliwaahidi kisa cha darubini. Hapa Richmond Hill tunayo ile kubwa ya David Dunlap, ya tangu 1935, kioo chake mita 1.88. Yetu ndogo, ya mtumba, na kebo yake ya siriali.

Kesho yake baba anarudi Tanga moja kwa moja, mtoto wa jicho kamzidi, anataka aione Zohali. Kompyuta inaamuru, darubini kimya. Kasi 9600, sawa. Nikachomoa kebo, nikagusanisha pini ya 2 na ya 3 za adapta kwa kibanio cha karatasi, nikaandika “baba”. Ikarudi kwenye skrini: baba. Basi adapta nzima, kompyuta nzima. Nikaibinya kebo karibu na plagi. Waya ndani umekatika. Na maduka yamefungwa!

“Si uisukume kwa mkono, mwanangu?”

Nikaisukuma. Akachungulia, kimya kirefu.

“Mwite mama yako.”